Bilali: jina, mtu, na neno la shangazi

SWALI: Assalaam alaykum. Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume na tumekubaliana kumwita Bilali. Shangazi yangu aliyenilea hapa Tanga amekataa katakata. Anasema ni jina la kitumwa na kwetu hajawahi kuitwa mtu hivyo. Rafiki yangu mmoja naye anasema "Bilali" ni kuharibu jina, la sawa ni Bilal. Halafu kwenye simu nimesoma kwamba maana yake ni "mshindi". Akika ni wiki ijayo. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Wa alaykum salaam, na hongera sana. Mwenyezi Mungu amkuze katika kheri, na mama yake ampe afya.

Kwa kifupi: jina ni zuri, halina dosari ya kidini, na mwite tu. "Mshindi" ni uzushi. Rafiki yako amekosea. Shangazi yako, ambaye pengine ulitaka nimkosoe kuliko wote, ndiye aliyegusa jambo zito, kwa hiyo nitakaa naye muda mrefu kuliko wengine.

Kwanza maana. Mzizi wa jina hili kwa Kiarabu ni ba-lam-lam, na kitenzi chake, balla, ni kulowesha. Bilal ni kile kinacholowesha: maji kidogo au funda la maziwa linalotosha kulainisha koo lililokauka. Waarabu walikuwa wakisema "hamna bilal katika kiriba chako", yaani hata tone halimo. Kwa watu wa nchi kavu, ambao safari ya siku kadhaa ilitegemea kiriba cha ngozi, hilo lilikuwa neno la uhai. Ushindi haumo humo hata kwa kulazimisha, wala uteule, ingawa orodha za majina mitandaoni hujaza tu ili mzazi afurahi. Wengine hulichanganya na Hilal, ambalo ni mwezi mwandamo. Hilo ni jina jingine kabisa.

Kuna matumizi ya mzizi huu ambayo ningependa uyajue kabla hujaenda tena kwa shangazi. Katika Sahihi Bukhari, Mtume (s.a.w.) anawazungumzia jamaa zake wa damu ambao hawakuwa naye katika dini. Anasema hao si mawalii wake, yaani si wandani wake, lakini wana udugu naye, na udugu huo ataulowesha kwa unyevu wake. Maneno yenyewe ni abulluha bi-bilaliha. Wafafanuzi wanaeleza kuwa udugu umefananishwa na kitu kikavu: ngozi ikikauka hupasuka, ikiloweshwa hushikana. Kuunga undugu ni kuulowesha. Jina la mwanao na neno hilo ni mzizi mmoja.

Sasa mwenye jina. Bilali bin Rabah alizaliwa Makka, mama yake akiitwa Hamama, Mhabeshi. Alikuwa mtumwa katika ukoo wa Banu Jumah, na bwana wake katika masimulizi mashuhuri ni Umayya bin Khalaf. Aliposilimu, alilazwa juu ya mchanga unaounguza, akawekewa jiwe kubwa kifuani, akaambiwa aikane dini yake. Akawa anajibu neno moja, Ahad, Ahad: Mmoja, Mmoja. Abu Bakari (r.a.) akamnunua na kumwacha huru. Mengine unayajua tangu chuoni. Abdallah bin Zaid alipoota maneno ya adhana huko Madina, Mtume alimwambia amfundishe Bilali ayaite, kwa sababu sauti yake ni nzuri na inafika mbali zaidi. Mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, Bilali ndiye aliyepanda juu ya Al-Kaaba akaadhini, mbele ya watu ambao miaka michache nyuma walikuwa wakimwona akiburutwa mchangani.

Ipo pia hadithi ya Bukhari ninayoipenda kuliko hiyo ya juu ya paa. Mtume alimuuliza Bilali ni amali gani anayoitarajia zaidi, kwani amesikia mlio wa viatu vyake mbele yake Peponi. Bilali hakutaja jiwe la kifuani, hakutaja Badri, hakutaja adhana. Alisema kwamba kila anapojitoharisha, usiku au mchana, huswali kwa tohara ile kadiri alivyojaaliwa. Basi.

Tuje kwa shangazi.

Anaposema "jina la kitumwa" hajazusha. Katika pwani yetu na visiwani, watumwa walipewa majina na mabwana zao, na majina hayo yalikuwa na sura yake: Mabruki, Feruzi, Almasi, Farjala. Ni majina ya baraka, vito na faraja. Mabwana wenyewe watoto wao waliwaita Said, Nasoro, Seifu, Salim. Mtu wa enzi hizo aliweza kusikia jina tu kisha akakisia mwenyewe anakaa upande gani wa nyumba. Bilali nalo lilikuwa kwenye orodha hiyo, tena si hapa tu. Katika nchi nyingi za Kiislamu Mwafrika aliyetekwa na kusilimishwa alipewa jina la Mwafrika mashuhuri wa mwanzo wa Uislamu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa Unguja na Pemba 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Kwa hiyo bibi wa shangazi yako huenda alizaliwa utumwa ukiwapo kisheria. Ukoo haukuweka hilo kwenye maandishi; uliliweka kwenye majina, ukajua lipi la kuita na lipi la kuacha. Watu wengi waliotoka utumwani, na watoto wao, walibadili majina kwa makusudi ili wasitambulike. Mzee anaposhtuka kusikia jina fulani, mara nyingi anakulinda na kitu ambacho wewe hukukiona.

Wala desturi hiyo haikuanzia kwetu. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Samura bin Jundub kwamba Mtume alikataza kumwita kijana wako wa kazi Rabah, Yasar, Najih au Aflah. Maana yake ni faida, wepesi, mfanikiwa, aliyefaulu zaidi. Sababu iliyotajwa ni kwamba utauliza "yupo?", ujibiwe "hayupo", na iwe kama umesema faida haipo nyumbani. Yaani hata Arabuni mtumwa alibebeshwa jina la bahati ili bahati imfikie bwana. Rabah, unaona, ndilo jina la baba yake Bilali. Sasa weka Rabah wa Makka kando ya Mabruki wa Unguja: ni fikra ileile, karne kumi na mbili zikiwa katikati.

Kwa hiyo shangazi ana haki ya kusema jina hili lilivaliwa na watumwa. Anapokosea ni pale anapohitimisha kwamba ni jina la watumwa, na hapa historia ina ushahidi mwingi mno.

Kwanza, zama zile zile za Mtume alikuwapo Swahaba mwingine, Bilali bin Harith wa kabila la Muzaina, Mwarabu muungwana, ambaye Mtume alimpa ardhi yenye machimbo. Jina lilikuwa la watu wote. Pili, na hili ndilo ningemwambia shangazi kabla ya yote: Umar bin Khattab, khalifa wa pili, Mkureishi wa kuzaliwa, alikuwa na mjukuu aliyeitwa Bilali. Ni mtoto wa Abdallah bin Umar. Kijana mwenyewe anakumbukwa kwa kukaripiwa: baba yake alisimulia hadithi ya kutowazuia wanawake kwenda misikitini, yeye akasema "Wallahi tutawazuia", na mzee akamshukia kwa maneno makali ambayo msimulizi anasema hakuwahi kumsikia akiyatoa. Imo katika Sahihi Muslim. Lakini katika Sunan ya Ibn Majah kuna kisa kingine, kifupi. Mshairi mmoja alimsifu kijana huyo kwa ubeti: "Bilali bin Abdallah ndiye mbora wa akina Bilali." Abdallah bin Umar, baba mtu, akamjibu: "Umesema uongo. Bilali wa Mtume wa Mwenyezi Mungu ndiye mbora wa akina Bilali."

Hebu lipime hilo. Nyumba bora za Kikureishi, kizazi kimoja tu baada ya Mtume, zinamwita mtoto kwa jina la mtu aliyewahi kuwa mtumwa, na baba mwenyewe hakubali mwanawe atangulizwe mbele yake. Umar naye imepokewa katika Bukhari kwamba alikuwa akisema: "Abu Bakari ni bwana wetu, na alimwacha huru bwana wetu," akimkusudia Bilali. Neno alilotumia mara zote mbili ni sayyid, lile lile ambalo pwani yetu tumelifanya la koo maalumu.

Halafu kuna Swahaba Abu Dharr. Alimtukana mtu kwa kumtajia mama yake, na Mtume akamwambia kuwa yeye ni mtu ambaye ndani yake bado umo ujahili. Bukhari hakumtaja aliyetukanwa. Mapokezi mengine yanasema ni Bilali, na kwamba tusi lilikuwa "mwana wa mwanamke mweusi". Vyovyote iwavyo, aliyeambiwa ana aibu ya kuondoa alikuwa mtukanaji. Aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua. Aliyeitwa Bilali na kuuzwa hana cha kufichwa na wajukuu zake.

Kwa rafiki yako wa matamshi sitatumia maneno mengi, lakini nianzie mbali kidogo. Katika mawaidha utasikia kwamba Bilali hakuweza kutamka herufi shini (sh), akawa anasema "as-hadu" badala ya "ash-hadu", watu wakamcheka, ikashuka habari kwamba sini ya Bilali mbele ya Mwenyezi Mungu ni shini. Kisa hicho hakina asili. Wahakiki wa hadithi akina Al-Mizzi na Ibn Kathir wamelisema hilo wazi. Akili nayo inakikataa. Mtu alizaliwa Makka, Kiarabu ndiyo lugha aliyokua nayo, na sifa aliyopewa na Mtume ni ubora wa sauti. Nadhani kisa kinapendwa kwa sababu kinaliwaza. Ila chini yake imelala dhana kwamba ulimi wa mtu mweusi lazima uwe na kasoro, na dhana hiyo hiyo ndiyo inayomfanya rafiki yako aone "Bilali" ni jina lililovunjika.

Kiswahili hufunga maneno yake kwa irabu. Rajab akawa Rajabu, Umar akawa Omari, Bakr akawa Bakari, na hakuna anayedai mzee Bakari ana jina bovu. Tena kwa Bilali tumepata faida. Kwa Kiarabu irabu ya pili ni ndefu, bi-laal, na uzito wa sauti unaangukia hapo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunaposema Bi-LA-li tumeupata uzito wa Kiarabu pale pale ulipo. Anayeandika "Bilal" kisha akalitamka kwa kukaza BI ndiye aliyesogea mbali na asili. Unguja na Pemba wengi huandika Bilal, bara wengi Bilali. Yote ni sawa. Kinachotakiwa ni la lisikike ndefu. Jihadhari tu na watoto wa mtaani watakaomwita "Balaa" wakigombana. Hilo linatoka kwenye mzizi mwingine, na kila jina lina utani wake.

Ukitaka kujua urithi wa jina hili umefika wapi, angalia lilivyosafiri. Kwa Kimalei, bilal ni neno la kawaida la mwadhini. Mtu anaweza kuitwa bilal wa msikiti ingawa jina lake ni Ahmad. Nchini Mali, masimulizi ya ukoo wa Keita, ukoo wa Sundiata aliyeasisi dola ya Mali katika karne ya 13, humtaja Bilali kuwa babu yao. Kinasaba ni vigumu kuthibitisha, ila ona wafalme walichagua babu wa namna gani. Morocco, Wagnawa, ambao wengi wao asili yao ni watumwa waliovushwa Sahara, humwita Sidna Bilal, na wana zawiya, yaani nyumba ya ibada ya kitarika, ya jina lake mjini Essaouira.

Ng'ambo ya Atlantiki kuna Bilali Muhammad, aliyetekwa akiwa kijana kutoka Timbo, Futa Jallon, katika Guinea ya leo, na kuishia kisiwa cha Sapelo, Georgia, katika shamba la tajiri Thomas Spalding. Alisimamia watumwa mamia, akaendelea kuswali na kufunga, na akaacha kijitabu cha kurasa 13 alichokiandika mwenyewe kwa Kiarabu. Kwa muda mrefu watu walidhani ni shajara yake. Waliokisoma kwa makini walikuta humo sehemu za Risala ya Ibn Abi Zaid al-Qairawani, kitabu cha fikihi ya Kimaliki: udhu, adhana, swala. Mtu yuko utumwani Marekani, anaandika kwa kumbukumbu alichosoma utotoni, na miongoni mwake mna wito wa swala. Mwaka 1975, Waislamu weusi wa huko chini ya Warith Deen Mohammed walianza kujiita kwa jina la Bilali, na gazeti lao likawa Bilalian News.

Kwetu, jumuiya ya kidini ya Bilal Muslim Mission ilianzishwa miaka ya 1960 na Sayyid Saeed Akhtar Rizvi kwa ajili ya kufikisha mafunzo ya Kishia kwa Waafrika, na jina halikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Na shangazi akitaka Bilali wa karibu zaidi, mkumbushe Dkt. Mohamed Gharib Bilal, msomi wa fizikia ya nyuklia, Waziri Kiongozi wa Zanzibar 1995 hadi 2000, kisha Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano 2010 hadi 2015. Sijui kama alipokuwa akiapishwa kuna mtu Tanga aliyenung'unika kuhusu jina.

Mambo ya utekelezaji sasa. Akika isikubane. Sunna ni siku ya saba, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume ukiweza, na mmoja ukishindwa. Jina laweza kutolewa siku hiyo au kabla yake. Mtume alipozaliwa mwanawe Ibrahimu, usiku ule ule alimpa jina la babu yake Nabii Ibrahimu. Ukichelewesha siku chache kwa ajili ya maelewano ya nyumbani, hujafanya dhambi. Serikali nayo inakupa siku 90 za kusajili kizazi kabla hujahesabiwa umechelewa.

Amua tahajia moja kabla ya kuandikisha. Chochote utakachochagua, Bilal au Bilali, kiwe hicho hicho kwenye tangazo la uzazi, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa cha RITA na baadaye shuleni. Nimeona vijana wakihangaika na hati za kiapo mahakamani kwa sababu ya herufi "i" moja iliyoko kwenye cheti cha kuzaliwa na haipo kwenye cha kidato cha nne, na hapo kitambulisho cha taifa kinakwama.

Kuhusu shangazi: usimpelekee jibu hili kwenye simu kama hukumu. Nenda ukakae naye. Usianze na hadithi. Anza kwa kumuuliza nani katika ukoo aliitwa Bilali, au aliishi na mtu wa jina hilo. Ninavyowajua wazee wa pwani, karibu kila mara nyuma ya "kwetu halijaitwa" kuna mtu. Huenda ni mzee aliyefutwa kwenye nasaba, huenda ni babu aliyebadili jina akawa Salim. Akikutajia, mwandike, usiache lipotee tena. Baada ya hapo msomee kile cha mjukuu wa Umar na ubeti wa mshairi.

Akibaki na msimamo wake, wewe ndiwe baba na haki ya kuita ni yako. Mpe yeye jina la nyumbani. Pwani hatujawahi kuona tabu mtoto kuwa na jina la chuoni na jina la bibi. La kwenye cheti liwe Bilali, yeye amwite atakavyo, na mtoto ataitika yote mawili.